Kifuko Katika Koo la Pumzi

Leo twapenda kunena nanyi habari za kifuko ambacho mtu aweza kuwa nacho shingoni umri wake wote asijue.

Koo la pumzi la mtu mzima ni bomba lenye urefu wa sentimeta 10 hadi 12. Hushikwa wazi na pete za gegedu 16 hadi 20, lakini kwa nyuma pete hizo hazikutani. Pana nyama laini tu. Upande wa kushoto umio wa chakula huliegemea na kulikinga. Upande wa kulia hauna kinga hiyo. Mmeona tairi ya baiskeli ikichakaa mahali, mpira wa ndani hutokeza hapo. Vivyo hivyo, mtu akikohoa miaka mingi, nguvu ya pumzi husukuma palipo dhaifu, na kifuko hufanyika. Wengine huzaliwa nacho.

Kifuko hiki si saratani, wala hakiambukizi. Tabibu Rokitansky alikieleza tangu mwaka 1838. Mara nyingi huonekana kwa bahati tu, katika picha za kifua zilizopigwa kwa sababu nyingine. Lakini makohozi yakituama ndani yake, huweza kuleta kikohozi kisichokoma, sauti ya kukwaruza, taabu ya kumeza, au homa ya kifua irudiayo.

Dawa yake ni ipi? Asiye na taabu hana haja ya dawa. Mwenye taabu hupewa dawa za kuua vijidudu na za kulainisha makohozi, tena hufundishwa namna ya kuyatoa. Kupasuliwa ni kwa wachache walioshindwa na hayo. Ila aliyeambiwa anacho, na amjulishe daktari kabla ya kulazwa usingizi wa kupasuliwa, maana mpira wa kupumulia huweza kuingia humo na kukitoboa.

Tena twawasihi jambo moja. Wako watu ambao, kikohozi kisipokoma, humpeleka mtoto akakatwe kimeo. Kimeo kiko nyuma ya kinywa, wala hakihusiani na koo la pumzi. Kukikata hakuponyi kikohozi. Huleta damu nyingi na vidonda, na pengine mauti. Akohoaye wiki mbili au zaidi na aende hospitali, apimwe kifua kikuu, ndipo mengine yatafutwe.