Tulivyofufua Pikapu ya Kikundi

(Hotuba fupi kwa mkutano wa vikundi vya maendeleo)



Tumeombwa tuwaeleze habari ya ile Peugeot 504 mnayoiona pale nje. Wengi mnaijua. Gari la aina hii lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975, na pikapu zake ziliunganishwa hapa kwetu Mombasa. Yetu ilikuwa imelala chini ya mti, kuku wakitagia ndani. Chesisi ilikuwa nzima, lakini injini ya petroli ilikuwa imepasuka hedi.

Tulikaa tukashauriana. Mzigo wetu ni maziwa na viazi, na barabara yetu ni mlima mtupu. Dizeli huvuta mzigo bila kukimbizwa na hutumia mafuta kidogo. Isitoshe, kiwanda chenyewe kiliunda 504 za dizeli, kwa hiyo tulipata injini na mauntini zake kutoka kwa pikapu nyingine iliyopinduka. Tukafikiri: toa hii, weka ile, kazi kwisha. Lakini wapi!

Kosa la kwanza, hatukuosha tangi. Kutu na mabaki ya petroli yakaingia kwenye pampu. Pampu hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe, petroli huikausha. Ikakwama, na akiba yetu ya miezi mitatu ikaishia kwa fundi.

Kosa la pili lingetuua. Injini ya petroli hunyonya hewa kupitia njia nyembamba ya kabureta, na mvuto ule ndio husaidia breki. Dizeli haizuiwi hewa hivyo. Ni lazima ifungwe pampu ya kuvuta hewa kwa ajili ya breki. Sisi hatukuifunga. Siku ya kujaribu, tukiteremka, breki ikawa ngumu kama jiwe. Dereva alirudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, akaegemeza gari kwenye ukingo wa udongo. Hakuna aliyeumia, lakini tulirudi nyumbani kwa miguu, kimya.

Basi, wenzetu, mkitaka kufanya kazi kama hii, shikeni haya. Osheni tangi na mabomba, na mweke bomba la pili la kurudisha dizeli inayobaki. Fungeni chujio la kutenga maji. Nunueni betri kubwa, na mwangalie springi za mbele, maana dizeli ni nzito. Jaribuni breki uwanjani kabla ya barabarani. Mwisho, pelekeni gari likakaguliwe na NTSA, nambari mpya ya injini iandikwe kwenye logibuku. Bila hiyo mtapata taabu na polisi, na bima pia.

Fundi mzee wa pale sokoni angetuambia haya yote kwa kikombe cha chai tu. Hatukumwuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Leo maziwa yanafika mapema.