Nani Anamlipa Karani wa Daftari?

Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanaklabu wa afya wa shule na vyuo vya Dodoma. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.

Mbukwenyi! Vijana wenzangu, wadogo zangu wa sekondari na nyie wenzangu wa vyuoni, ahsanteni kwa kuja Jumamosi hii wakati wenzenu wako Majengo sokoni au wanacheza mpira. Nimeombwa niongee juu ya selimundu, au sikoseli kama wengi mnavyouita. Nitaongea, ila zile habari za dalili na mlo mmeshazisikia mara nyingi. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho ukikisikia mara ya kwanza unapiga miayo: daftari la wagonjwa, na pesa ya kulitunza. Msicheke, subirini kwanza.

Tukumbushane kwa ufupi tu. Selimundu unarithiwa kwa baba na mama, wote wawili. Mzazi mwenye kinasaba kimoja cha ugonjwa huu anaweza kuwa mzima kabisa, analima, anabeba mizigo, hajui lolote. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Chembe nyekundu za damu ya mtoto huyo zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, maumivu ya mifupa yanakuwa makali, damu inapungua, na wengine wanapata kiharusi wakiwa bado wadogo. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Nchi zinazotuzidi duniani ni chache.

Mtaniambia, "Lakini huku Ugogoni si ugonjwa wetu sana, ni wa Kanda ya Ziwa na Pwani." Ni kweli kwamba kinasaba hiki kimeenea zaidi kule ambako malaria ni nyingi, kwa sababu mwenye kimoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Lakini Dodoma ya leo ni ya nani? Tangu 2016, Serikali ilipotangaza kwamba inahamia hapa moja kwa moja, watu wamekuja kutoka kila mkoa, na wamekuja na watoto wao.

Sasa tuseme kuna binti wa miaka 16. Amezaliwa Mwanza, ametibiwa huko mpaka alipomaliza darasa la saba, halafu mama yake akahamishiwa kazi Dodoma. Faili lake limebaki Mwanza. Huku amefika na daftari la shule lililochakaa, lenye miandiko ya madaktari watano. Kule aliandikwa Asha, huku anaandikwa Aisha. Kule wingi wa damu uliandikwa kwa namba, 7, na huku mtu ameandika tu "damu kidogo". Kule walijaza tarehe yake ya kuzaliwa, huku wamejaza umri. Nawauliza: binti huyu, kwenye hesabu za nchi, ni mmoja, ni wawili, au hayupo kabisa?

Hilo ndilo swali langu la leo. Mengine yote yanatoka hapo.

Pale Muhimbili, Dar es Salaam, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia mmoja mmoja. Fedha kubwa ilitoka Wellcome Trust ya Uingereza. Hadi 2009 walikuwa wameandikisha 1,725, na mwaka 2011 wakachapisha walichokiona. Wagonjwa 86 walikuwa wamefariki. Ukigawanya kwa miaka waliyofuatiliwa, ni kama vifo 2 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Lakini kwa walio chini ya miaka mitano, ni zaidi ya 7. Ndipo ikaonekana kwa namba, si kwa kukisia, kwamba mtoto mdogo ndiye wa kukimbiliwa kwanza, agundulike mapema na akingwe na maambukizi mapema.

Ila kuna namba nyingine kwenye taarifa ile ambayo watu huipita haraka, na mimi naona ndiyo yenye uchungu kuliko zote. Watu 209 walipotea. Huwezi kuwaandika kwamba wamekufa, wala kwamba wako hai. Walihama, au walichoka nauli, au walizikwa kijijini bila hospitali kupewa habari. Hao ni 12 katika kila 100, na hii ni hospitali kubwa kuliko zote nchini, yenye watafiti waliokuwa wakiwafuatilia kwa makusudi. Fikirini zahanati ya Bahi au Chemba.

Hospitali moja, hata iwe kubwa namna gani, haitoshi. Kama unataka kujua dawa ya haidroksiurea inawasaidia vipi watoto wa Kiafrika wanaoishi kwenye malaria, au ni nani hasa atapata kiharusi, unahitaji maelfu ya wagonjwa, tena kutoka sehemu mbalimbali. Kwa hiyo mwaka 2017, kwa fedha za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zile zinazoitwa NIH, ulianzishwa mtandao wa SickleInAfrica. Makao ya uratibu wa vituo vya wagonjwa yakawekwa kwetu, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kituo cha kuratibu data kikawekwa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, chini ya Profesa Ambroise Wonkam. Walianza na nchi tatu, Tanzania, Ghana na Nigeria, na daftari lao la pamoja likapita wagonjwa 13,000. Baadaye zikaongezwa Uganda, Zambia, Zimbabwe na Mali.

Kituo cha kuratibu data kinafanya nini? Watu wanadhani ni chumba chenye kompyuta. Kompyuta zimo, lakini kazi yenyewe ni kama kazi ya mwenyekiti wa kikao chenye watu wabishi. Kwanza mnakubaliana maneno. Mgonjwa "amelazwa" maana yake nini: amelala wodini usiku mmoja, au hata aliyewekewa dripu mchana akarudi nyumbani? "Maumivu makali" ni yapi? Kumasi wakimaanisha hiki na Dar wakimaanisha kile, ukijumlisha unapata uji. Pili, mnakubaliana vipimo na tarehe. Tarehe 03/04 kwetu ni mwezi wa nne, Mmarekani anasoma mwezi wa tatu. Tatu, jina la mgonjwa linatolewa, anapewa namba, na ufunguo wa kujua namba ni ya nani unabaki hospitalini kwake. Nne, kila wiki kuna mtu anayekagua na kupiga simu: "Dada, huyu mtoto wa miaka 4 mmemwandika ana kilo 61, mtazame tena." Tano, kuna kamati ya kuamua mtafiti gani aruhusiwe kutumia data na kwa kazi gani. Na zile data zinahifadhiwa mahali zaidi ya pamoja, umeme ukikatika au seva ikiungua zisipotee.

Mmesikia? Karibu yote ni kazi ya watu. Na hapo ndipo pesa inapogoma. Mfadhili anapenda jengo, mashine, gari jeupe lenye nembo mlangoni. Hivyo vina utepe wa kukata na picha ya gazetini. Mshahara wa karani anayempigia dada wa Kumasi simu juu ya kilo 61 hauna utepe. Tena fedha za utafiti huja kwa mkataba wa miaka michache, wakati ugonjwa huu ni wa maisha yote. Mkataba ukiisha, karani anatafuta kazi nyingine, na miaka miwili baadaye hakuna anayekumbuka safu ya 14 kwenye jedwali ilikuwa na maana gani. Data zipo, lakini zimekufa.

Msifikiri naongea mambo ya mbali. Hapa hapa kwetu tuna mfano mzuri na mfano mbaya, na vyote viwili viko Kongwa. Waingereza walifika Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, wakaacha 1951. Waliingia na mashine kabla ya kuijua vizuri mvua yetu na udongo wetu. Huo ndio mbaya, wazee wanausimulia mpaka leo. Mzuri ni wa trakoma. Watafiti wakiongozwa na Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na Watanzania, walichukua vijiji sita. Vyote vilipewa dawa ya macho, vitatu vikaongezewa kampeni ya kunawisha watoto uso. Watoto zaidi ya elfu moja walipimwa macho kwa kipimo kile kile, wakarudiwa, wakaandikwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: penye kampeni trakoma kali ilipungua. Leo ukisikia "mnawishe mtoto uso" popote penye trakoma, jua kuna daftari la watoto wa Kigogo nyuma yake. Bila mtu wa kuandika kwa namna moja kijiji hadi kijiji, ingebaki kuwa maoni tu ya bibi afya.

Turudi kwenye pesa. Mwaka 2025 tumeona kitu cha kutisha. Fedha nyingi za utafiti za Marekani zilizokuwa zikienda Afrika Kusini zilisitishwa. Mwezi Mei mwaka huo NIH ikatangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya zenye mgawo unaopitia kwa mshirika wa nje mpaka iweke utaratibu mwingine. Mwezi Februari, ule mpango wa Marekani uliokuwa ukigharimia tafiti za afya ya kaya katika nchi nyingi, ukiwamo wetu wa 2022, ulisimamishwa. Sababu ni siasa za kwao. Sitaki kuingia huko, wapiga kura wao wana haki ya kuamua kodi yao iende wapi. Ninachosema mimi ni kwamba mgonjwa wa Dodoma hakupiga kura ile.

Kuna wanaosema, afadhali, wazungu wasitupe tena, na data zirudi nyumbani. Mimi sioni aibu data zetu kuratibiwa Cape Town. Wenzetu wale wana wataalamu wa siku nyingi, na ni Waafrika. Aibu ninayoiona ni kuwa kwenye meza ya pamoja ambayo hatuilipii hata kiti chetu. Viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana Khartoum, Januari 2006, kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Hatujafika. Lakini msiniambie nchi hii haiwezi kulipia kuhesabu. Mwaka 2022 tuliwahesabu watu 61,741,120, nyumba kwa nyumba, kwa vishikwambi, na makao ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu yako mji huu huu. Na sasa kwa kuwa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, lazima mtu ajue wangapi wanahitaji dawa kila siku ya maisha yao. Bima isiyojua idadi ya wagonjwa wake itafilisika au itawanyima.

Pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, tangu 2023, watoto wenye selimundu wanapandikizwa uloto. Ni jambo la kujivunia kweli. Lakini mtoto yule atahitaji kutazamwa kwa miaka 20, 30. Nani atakuwa bado anaandika? UDOM inafundisha udaktari na kompyuta katika chuo kimoja. Sioni kwa nini wahitimu wake wasiajiriwe kwa ajira ya kudumu ya Serikali kuwa makarani na wakaguzi wa daftari hili, badala ya mikataba ya mwaka mmoja ya mradi.

Kwa hiyo nawapa kazi. Wabunge wako hapa Dodoma kuanzia Aprili mpaka Juni kwenye kikao cha bajeti. Nyie hamhitaji nauli ya basi kama wenzenu wa Kigoma. Klabu iandike barua ya ukurasa mmoja kwa mbunge wake, yenye swali moja: katika bajeti ya Wizara ya Afya, ni shilingi ngapi zimetengwa kutunza rejista ya wagonjwa wa selimundu, na nani atailipia mradi wa wafadhili ukiisha? Msiandike malalamiko kumi. Swali moja linajibika.

Na wewe mwenye selimundu, au mwenye mdogo wako mgonjwa: tumia jina lile lile kila kliniki, kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Ukihama, omba muhtasari wa matibabu kabla hujapanda basi.

Nilipewa maswali mawili kwenye karatasi. La kwanza: "Je, data zetu haziuzwi?" Utafiti wa afya nchini unapitia kamati ya maadili, na data kwenda nje zinahitaji makubaliano ya maandishi yanayosimamiwa na NIMR. Aidha ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Una haki ya kuuliza taarifa zako zinatumiwa na nani, kwa kazi gani. Ulize, usiogope koti jeupe.

La pili limetoka kwa kijana wa kidato cha sita: "Mama alisaini nilipokuwa na miaka mitano. Sasa nina 19. Nikijitoa kwenye rejista nitanyimwa dawa?" Hapana. Kushiriki utafiti ni hiari, na matibabu yako hayategemei saini hiyo. Ulipotimiza miaka 18 ulistahili kuulizwa upya, wewe mwenyewe. Kama hujaulizwa, nenda kliniki Jumatatu ukaombe fomu uisome. Ukishaisoma, ama usaini kwa mkono wako, ama ukatae, na vyovyote utakavyoamua, karani aandike tarehe.