Chemsha Bongo ya Picha za Wanyama: Nani Aulize, na Aulize Nini?



Tangu televisheni ilipoanza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994, watazamaji wa nchi hii wameona filamu nyingi za wanyama wao wenyewe zilizotengenezwa na wageni. Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti ilitoka mwaka 1959, mwaka uleule ambao Michael alikufa kwa ajali ya ndege akiwa kazini. Picha za sokwe wa Gombe zilizoitangaza kazi ya Jane Goodall zilipigwa na Hugo van Lawick, Mholanzi. Kazi hizo ni za kuheshimiwa, wala hapana sababu ya kuzibeza. Lakini mtoto wa Newala au Sumbawanga amebaki mtazamaji tu, hakuulizwa kitu. Kwa hiyo fikira ya kutengeneza mchezo wa televisheni, ambamo wanafunzi huonyeshwa picha za viumbe wa porini na kuulizwa maswali, si fikira ya mzaha.

Wajapani waliwahi kuwa na mchezo wa jamii hii, kuanzia mwaka 1983 hadi 1992. Filamu fupi ya mnyama ilisimamishwa ghafla, na washindani wakabashiri kitakachofuata. Mtindo huo unafaa kuigwa kwa sababu humlazimisha mtu kutazama. Usiofaa ni ule wa kuuliza tembo ana kilo ngapi. Swali hilo halina haja ya picha. Linataka kukariri, na kukariri kumekwisha jaa madarasani kupita kiasi, kama walimu mnavyojua.

Swali jema huanzia ndani ya picha yenyewe. Zionyeshwe picha mbili za punda milia: je, ni mmoja au ni wawili? Atakayetazama vizuri atagundua kwamba milia ya huyu hailingani na ya yule. Huko Mafia watafiti humtambua kila papa potwe kwa picha za madoa yaliyo ubavuni mwake. Na yuko kima wa Rungwe aitwaye kipunji, aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005 kwa ushahidi wa picha, kabla haujapatikana mzoga hata mmoja wa kuchunguzwa. Jina lake lilitoka wapi? Kwa Wanyakyusa, waliokuwa nalo zamani.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Kwa watu wengi wa mjini, kila mnyama mwenye pembe na miguu myembamba ni swala, na kila kirukacho ni ndege basi. Lakini Kiswahili kina nyamera na kongoni, kina pofu, choroa, kuro, pongo na tandala. Majina haya yakikosa kutamkwa mbele ya watoto yatabaki katika kamusi tu, na mtoto atakuja kumwita mnyama wa kwao kwa jina la kigeni akidhani hana jingine. Mtunga maswali atakayeandika kwa lugha ya kigeni kisha akatafuta mfasiri atakuwa ameuharibu mchezo kabla haujaanza. Na pale Kiswahili kinapopungukiwa, hasa kwa ndege na wadudu, waulizwe Wahehe, Wasukuma, Wamakonde na wengineo. Lugha hukua kwa kukopa kwa jirani.

Picha zipo. Kati ya mwaka 2010 na 2013 kamera za kutega 225 zilifungwa Serengeti, na watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 waliojiandikisha wakakaa mbele ya kompyuta zao wakisema huyu nyumbu, yule fisi. Kumbe mchezo umekwisha chezwa, na uwanja ulikuwa hapa hapa! Kijana wa Mugumu, ambaye usiku humsikia fisi kwa masikio yake, angeweza kujibu upesi kuliko wengi wao, ila alihitaji kompyuta na intaneti. Televisheni iliyo katika ukumbi wa kijiji inaweza kumpunguzia pengo hilo.

Kila picha ipimwe kabla ya kurushwa. Mwezi Januari 2010 mashindano makubwa ya picha za viumbe mjini London yalimvua mshindi tuzo yake, baada ya waamuzi kuona kwamba mbwa mwitu wa pichani yaelekea alikuwa wa kufugwa. Maswali nayo yapitiwe na wakufunzi wa Mweka, chuo kilichofunguliwa mwaka 1963, na washindani watoke katika klabu za Malihai zilizoanzishwa mwaka 1980, si katika shule za mijini peke yake.

Namna ya kuchezwa haina haja ya kuagizwa ng'ambo. Mwuliza atege, darasa liitikie, na watakaoshindwa watoe mji kama ilivyo desturi ya vitendawili. Isipokuwa hapa watatoa mbuga. Anayepewa Ruaha ataeleza kwanza iko wapi na mto gani unapita humo, ndipo apate alama yake.