Ramani na Sala



Mimi ninatoka Chonyonyo, katika Karagwe ile aliyoipitia Speke mwaka 1861 akitafuta chanzo cha mto Nile. Katika kitabu chake cha 1863 aliisifu ramani ya mto huo iliyochorwa na mwanajeshi Francis Wilford kutokana na Purana za Wahindu. Alipewa na Rigby, balozi wa Uingereza huko Unguja.

Wako wanaojivunia habari hiyo: vitabu vyetu, husema, vililijua ziwa kabla ya Wazungu. Kumbe Wilford mwenyewe alikwisha kukiri, mwaka 1805, kwamba pandit wake alimghushia maandiko!

Tusione haya kulisema hekaluni. Ziwa hujulikana kwa macho na kwa kipimo, na yeyote aweza kwenda kuhakiki. Wanazuoni wa Kihindu walikwisha kutenga pratyaksha, yaani yaonwayo, na shabda, neno la kuaminiwa. Lakini utulivu aupatao mama mbele ya taa ya arati hauna futi wala ratili. Atakaye kuujua hana budi aketi pale alipoketi yeye, jioni baada ya jioni, na huenda bado asiupate.