Soja wa Lango Naye Anafungwa na Katiba

Wazee wangu, kina mama na vijana wa Takawiri.

Polisi, wenye boti, BMU na wenye hoteli kulinda bichi pamoja, mimi naunga mkono. Westgate, Septemba 2013, watu 67 waliuawa, Waislamu wakiwemo. Na hapa kisiwani anayemwona mgeni kwanza si polisi, ni mwenye boti na soja wa lango.

Lakini tuambiane ukweli. Majuzi nikitoka Mbita boti ilijaa, na aliyeambiwa afungue mkoba ni mimi peke yangu, mwenye hijabu. Gunia la jirani yangu halikuguswa. Huo ni ulinzi? Mwenye nia mbaya akijua mnatafuta hijabu, si atavaa tu jezi ya Arsenal!

Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza Serikali kubagua mtu kwa dini au mavazi. Wengi hukomea hapo. Someni mbele kidogo, 27(5): mtu binafsi pia amekatazwa. Kwa hivyo soja wa hoteli asiniambie, "Mimi si polisi."

Basi kabla hatujapeana mikono: mkipekua, pekueni kila mkoba, wa padri na wa shehe. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Na jina la mtu likipelekwa polisi, iandikwe nani amelipeleka na kwa sababu gani, ili mwenyewe akiuliza ajibiwe. Wazee wa BMU, kitabu cha kuandika samaki mnacho. Nunueni cha pili.