Somo la Redio: Kunakili Diski ya Kompyuta Kuukuu

Somo letu la leo lahusu kompyuta. Tutajifunza namna ya kuhamisha kila kitu kilichomo katika diski ya zamani na kukitia katika diski mpya, bila kupoteza hata barua moja.

Tuchukue mfano. Chama chenu cha akiba na mikopo kina kompyuta mpakato, ile ambayo wengi huiita laptopu, iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita. Ndani yake mna hesabu za wanachama: nani ameweka, nani amekopa, nani amelipa. Siku hizi katibu akiiwasha asubuhi, humaliza kikombe cha chai kabla haijawa tayari. Wengine wasema, "Itupwe, tununue nyingine." Ngojeni kwanza. Huenda kilichochoka ni diski tu.

Diski ni ghala ya kompyuta. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ya kwanza yenye diski ya kuzunguka. Diski hiyo ilikuwa na sahani 50, ilikuwa kubwa kuliko kabati la nguo, nayo iliweka herufi milioni 5 tu. Diski ya laptopu kuukuu ni ndogo kama kiganja, lakini kazi yake ni ile ile: sahani huzunguka, na mkono mdogo huenda huku na huku ukisoma. Katika laptopu nyingi sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Gawanyeni kwa 60; mtapata mara 90 kwa sekunde. Hata hivyo, mkono ule hupoteza wakati ukitafuta.

Diski ya kisasa, ambayo mafundi huiita SSD, haina kitu kinachozunguka. Huweka habari katika vipande vidogo vya elektroniki, kama flashi. Kwa hiyo husoma upesi zaidi, wala haidhuriki upesi ikitikiswa.

Sasa tutazame kazi yenyewe.

Kwanza, nakilini hesabu za chama katika flashi, mkaiweke mahali pengine. Ikiwa diski ya zamani inagonga-gonga, fanyeni hivyo leo leo, kwa maana diski inayogonga yaweza kufa wakati wowote.

Pili, nunueni diski inayofaa. Laptopu nyingi za zamani hupokea diski ya inchi 2.5, lakini si zote. Mwulizeni fundi kabla ya kulipa. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Tuseme ya zamani ni gigabaiti 320, na mpya ni 480. Nunueni pia waya wa kuiunganisha diski mpya na tundu la USB.

Tatu, tafuteni programu ya kunakili. Ipo moja iitwayo Clonezilla, ambayo hutolewa bure. Hutiwa katika flashi yake yenyewe, si ile yenye hesabu, na kompyuta ikawashwa kwa flashi hiyo. Hakikisheni chaja imechomekwa na betri imejaa.

Nne, na hapa nawaomba msikilize sana. Programu itauliza: nakili kutoka diski ipi, kwenda diski ipi? Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: KUTOKA 320, KWENDA 480. Ukijibu kinyume, programu itachukua utupu wa diski mpya na kuufunika juu ya hesabu zote za wanachama. Kompyuta haijui ipi ni mali na ipi ni tupu, yakutii wewe. Basi someni jina la kiwanda na tarakimu, tena mtu wa pili asome kwa sauti. Programu nyingine huhesabu kwa kipimo tofauti, hata 320 ikaandikwa 298, na 480 ikaandikwa 447. Msishtuke; ndogo ni ile ile ya zamani.

Tano, subirini. Tundu la USB la zamani hupitisha kama megabaiti 30 kwa sekunde. Ikiwa ghala ina gigabaiti 120, yaani megabaiti 120,000, kazi itachukua sekunde 4,000, ambazo ni zaidi ya saa moja. Msichomoe waya.

Sita, kazi ikiisha, zimeni kompyuta, chomoeni chaja, toeni betri ikiwa yaweza kutoka. Fungueni skrubu kwa bisibisi, toeni diski ya zamani, tieni mpya mahali pake. Msiiwashe kompyuta diski zote mbili zikiwa zimeunganishwa, maana sasa ni mapacha, na kompyuta yaweza kuzichanganya. Ikiwaka, fungueni hesabu za mwanachama mmoja au wawili mkazilinganishe na daftari la karatasi.

Huenda mwenzangu akauliza, "Ile diski ya zamani tuitupe?" La. Iwekeni mwezi mmoja au miwili kama akiba. Baadaye ifuteni kabisa kabla haijatoka mikononi mwenu, kwa kuwa bado ina majina na madeni ya watu. Siri ya mwanachama ni amana.

Ndugu zangu, mwaona kwamba kazi hii haikudai nguvu. Imedai mtu awezaye kusoma maneno mawili na kutofautisha tarakimu mbili. Hayo ndiyo mnayojifunza kila jioni.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini diski isiyozunguka husoma upesi?
2. Ni hatua ipi yenye hatari kubwa, na kwa nini?
3. Gigabaiti 90 zitachukua sekunde ngapi kupita katika tundu la USB la zamani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.