Kibali cha Mgeni na Mrithi wa Kazi



Hapa Mkuza, Kibaha, mfano uko jirani. Shirika la Elimu Kibaha lilianzishwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, likakabidhiwa Tanzania mwaka 1970. Wataalamu wageni waliondoka. Shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima vikabaki mikononi mwa wananchi.

Leo Mkanada anayekuja kufanya kazi nchini huhitaji kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Wengi huishia kwenye mihuri hiyo. Lakini Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 humtaka mwajiri pia awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeshika nafasi ile. Basi, Mtanzania huyo ni nani, naye amekwisha fundishwa nini?